Kutoka Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe Hadi Mama Yake Jack

Dada mmoja anayeishi katika kijiji kimoja cha Uingereza ameniandikia kwamba majirani wamemwalika ajiunge na kikundi chao cha maigizo, na kwamba anasita kwa sababu ya lafudhi yake. Ujumbe wake umenikuta nikiwa bado na wekundu mashavuni ambao sabuni imeshindwa kuutoa, kwa kuwa Jumamosi iliyopita tulimaliza maonyesho yetu manne ya panto katika ukumbi wa kijiji chetu huku Norfolk, nami, niliyelelewa na bibi yangu Pangani, ndiye niliyekuwa mama yake Jack, mwenye kofia ya maua na kifua cha maputo mawili.

Kwa wasioifahamu, panto, yaani pantomime, si igizo bubu, ingawa jina lake linaweza kumdanganya mtu. Ni mchezo wa msimu wa Krismasi wenye nyimbo, mzaha na hadithi ambayo kila mtoto anaijua, kama vile Cinderella, Aladdin au Jack na mharagwe wake, na vikundi vya vijijini mara nyingi huucheza mwezi Januari, baridi inapokuwa imewachosha watu. Mama wa hadithi huchezwa na mwanamume, kijana shujaa kwa desturi huchezwa na mwanamke, mwovu huingia kutoka mkono wa kushoto wa jukwaa na kichimbakazi mwema kutoka kulia. Wanaonicheka kwa kuvaa gauni wajue kwamba Dan Leno, mchekeshaji mashuhuri wa Uingereza aliyevaa gauni kucheza Mother Goose katika ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1902, hakupungukiwa na heshima yoyote.

Sikuanzia kwenye gauni. Miaka mitatu iliyopita niliomba nafasi yenye maneno japo kumi, na mwongozaji, mbele ya watu wote, akaniambia kwa upole unaouma kuliko tusi kwamba huenda watoto wasiielewe lafudhi yangu. Nikapewa miguu ya nyuma ya ng'ombe. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa nikighani mashairi mbele ya wageni rasmi, nikajikuta nimeinama ndani ya blanketi lililoshonewa mkia, nimekishika kiuno cha mzee mmoja mstaafu, jasho likinitiririka hadi machoni, nisione kitu ila visigino vyake. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Hata hivyo, ni mle gizani nilimojifunza kazi, kwa sababu asiyeona husikiliza. Nilisikia kwamba waigizaji wazuri walikuwa wakinyamaza mara kwa mara. Mwovu husema, "Hakuna mwerevu kunishinda mimi," ukumbi mzima humpinga kwa sauti moja, yeye hubisha, nao humpinga tena kwa nguvu zaidi, na katika muda wote huo hasogezi hadithi hata hatua moja. Nikamkumbuka bibi, ambaye akisema "Paukwa" alikuwa hafumbui tena mdomo mpaka sote tuitikie "Pakawa", na uitikiaji ukiwa legelege alirudia upya, hata kama tulikuwa tunasinzia.

Mwaka uliofuata, nilipopewa maneno, nikasahau yote hayo. Kuna onyesho la benchi ambalo karibu kila panto huwa nalo: watu wameketi wakiimba, mzuka unatokea nyuma yao, watoto wanapiga kelele "Yuko nyuma yako!", nao hugeuka upande usiofaa. Nilikuwa nimeyahifadhi maneno yangu kama Fatiha, basi nikayamwaga yote juu ya kelele za watoto kama mtu anayekimbilia daladala ya mwisho. Kufikia ubeti wa pili walikuwa wamekwisha kunyamaza, na nilimwona mvulana wa safu ya mbele akifungua pipi yake kwa utulivu mkubwa. Hakuna aliyenilaumu, na chai ya baada ya onyesho ilinyweka kimya.

Mazoezi ya mwaka huu siyasimulii. Jumamosi mzuka ulipotokea kulia kwangu, niligeuka kushoto, taratibu, nikarekebisha kofia, nikaweka mkono sikioni na kuuliza, "Mnasemaje?" Binti mdogo akapanda juu ya kiti akininyooshea kidole huku machozi yakimlengalenga, na babu yake aliyekuwa pembeni akaanza kugonga sakafu kwa fimbo. Nilisubiri. Kwa lafudhi yangu ile ile ya Pangani nilisubiri, na ukumbi wa watu wasiozidi mia moja na ishirini ukavuma kama uwanja wa mpira.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada, ni kwamba ukubali, ujifunze maneno yako mapema, kisha uwaachie watazamaji nafasi ya kupiga kelele. Jifunze maneno mapema, narudia, kwa sababu asiyeyajua hawezi kuthubutu kunyamaza. Wengi wetu tulio ughaibuni tunajifungia ndani tukilalamika kwamba majirani hawatusalimii, ilhali ukumbi wao uko wazi kila Jumanne na wanatafuta hata mtu wa kushika pazia. Hiyo si haya, ni kiburi, na nasema hivyo nikijua kwamba mimi mwenyewe niliugua ugonjwa huo miaka saba.

Usipige mluzi nyuma ya jukwaa, maana wenzetu nao wana miiko yao, na mistari miwili ya mwisho ya mchezo usiitamke kabla ya usiku wa kwanza. Na wakikupa ng'ombe, chukua ng'ombe, ila ndani vaa fulana nyepesi ya mikono mifupi na ufunge kitambaa kipajini, kwa sababu blanketi lile bado ni lile lile, na sidhani kama limewahi kufuliwa tangu nilipotoka ndani yake.