Kwa unayeanza kemia ya kompyuta kwenye dawa za RNA

Miaka yangu ya kwanza kazini niliitumia kwenye protini. Kazi ilikuwa kutafuta tundu kwenye kimeng'enya, kisha kutafuta molekuli ndogo ya kuingia humo. Nilipohamia kwenye dawa za asidi nukleiki (DNA na RNA) nilikuja na mazoea yale yale, na kwa karibu mwaka mzima nikawa najibu maswali ambayo hakuna mtu maabara aliyeyauliza. Ninakuandikia ili mwaka huo usikupotee na wewe.

Huku hakuna tundu la kutafuta. Shabaha ni mfuatano wa herufi kwenye RNA, ile nakala ya jeni ambayo seli huisoma, na herufi zina kanuni: A hushikana na U, na G hushikana na C. Yeyote mwenye mfuatano huo anaweza kuandika uzi, yaani kipande kifupi cha asidi nukleiki, wa kuushika kwa dakika moja. Kazi yako inaanza hapo herufi zinapokwisha kuandikwa. Je, uzi utadumu kwenye damu? Mahali ulipopachagua kwenye RNA pako wazi, au pamejikunja? Ni protini zipi zitaudaka njiani?

Mwaka 1978 Paul Zamecnik na Mary Stephenson walionyesha kwamba kipande kifupi cha DNA kinaweza kuzuia virusi kuzaliana ndani ya seli. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, fomivirsen, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Nusinersen ilifuata 2016, na patisiran, ya kwanza kuzima jeni kwa RNA ya nyuzi mbili, 2018. Wazo lilikuwepo muda wote huo. Kilichokuwa kikisubiriwa, kwa sehemu kubwa, ni kemia: salfa kwenye fosfati zinazounganisha herufi, marekebisho ya sukari iliyo kwenye kila herufi, njia ya kuufikisha uzi ndani ya seli.

Kwa hiyo anza na sukari. Wengi huipita haraka, nami naona ndipo penye utamu wa kazi hii. Pete ya ribosi haikai bapa. Kaboni moja hujiinua, na kaboni ipi imejiinua ndiyo huamua uzi utajisokota kama RNA au kama DNA. Ukiweka kundi la methoksiethili kwenye kaboni ya pili, sukari inaelemea upande wa RNA. Ukiifunga kwa daraja, kama ilivyofanyika kwenye LNA (asidi nukleiki iliyofungwa) mwishoni mwa miaka ya 1990, haina tena pa kwenda. Uzi unafika kwa shabaha ukiwa umekwisha kujipanga, na unashika kwa nguvu zaidi. Jambo hili kompyuta inalieleza vizuri sana.

Lakini kushika kwa nguvu siyo kuponya. Kimeng'enya cha RNase H, kinachokata RNA, kinataka kuona kipande cha DNA cha kawaida kikiwa kimeshikana nayo. Ukirekebisha sukari zote, hakikati. Ndiyo maana nyuzi za kukata huachiwa DNA katikati na kurekebishwa pembeni tu, wakati nusinersen imerekebishwa mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa yenyewe haikati RNA bali hubadili namna vipande vyake vinavyounganishwa. Kabla hujawasha hesabu yoyote, uliza: tunataka RNA ikatwe, au ifunikwe tu? Niliwahi kumaliza wiki tatu nikipanga nyuzi kwa nguvu ya kushikana, na zile za juu kabisa zote zilikuwa haziwezi kukata chochote.

Kuhusu salfa, nilipata aibu ambayo hadi leo inanisaidia. Oksijeni moja ya fosfati inapobadilishwa kuwa salfa, fosforasi inapata sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Nusinersen ina viungo 17 vya aina hiyo, yaani mbili 17 zikizidishwa pamoja: maumbo 131,072 ndani ya chupa moja. Mimi nilileta kwenye kikao picha nzuri ya uzi wa namna hii ukiwa umeshikana na protini. Mwenzangu wa upande wa kutengeneza nyuzi akauliza kwa upole, "Hili ni umbo lipi kati ya yote?" Sikujua. Skripti yangu ilikuwa imechagua upande mmoja kwa viungo vyote, nami sikuwa nimeitazama.

Usiiamini pia milinganyo ya nguvu za atomu kwa sababu tu inatumiwa na wengi. Toleo moja lililotumika sana lilionekana salama hadi watu walipoendesha uigaji mrefu zaidi wa mwendo wa atomu kwenye kompyuta; uti wa DNA ukaanza kupinda vibaya, na marekebisho yakachapishwa 2007. RNA nayo ilihitaji marekebisho yake. Nukleotidi (herufi moja ya uzi) uliyoirekebisha wewe huenda namba zake umezitengeneza mwenyewe, kwa hiyo zijaribu kwanza kwenye muundo ambao fuwele yake imekwisha kupimwa. Na kumbuka hatua moja ya uigaji kwa kawaida ni femtosekunde 2. Mikrosekunde moja tu, yaani sehemu ya milioni ya sekunde, ni hatua milioni 500, wakati uzi hukaa kwenye vifuko vya seli kwa saa nyingi. Usimwahidi mtu kwamba utamwonyesha safari hiyo nzima.

Mara nyingi modeli rahisi ya takwimu, iliyofunzwa kwa nyuzi mia chache zilizopimwa maabara, itakusaidia kuchagua kuliko uigaji wa mwezi mzima. Ila ina mtego wake. Nyuzi za jeni moja hupishana kwa herufi moja au mbili tu, na ukizigawa kwa bahati nasibu, zile za majaribio zinakuwa ndugu wa zile za mafunzo. Matokeo yatang'aa, kisha jeni jipya litakuumbua. Gawanya kwa jeni.

Andika utabiri wako, na tarehe, kabla maabara haijapima. Ukikosea, peleka kosa lako kwenye kikao kama unavyopeleka mafanikio. Nimeona watu wa biolojia wakianza kuniletea maswali yao ya kweli baada ya kunisikia nikisema nilikosea wapi.

Na wiki ya kwanza, hata kabla hujapewa nafasi kwenye seva, omba kukaa siku mbili na anayeunganisha nyuzi. Tazama herufi zinavyoongezwa moja moja, muulize ni marekebisho yapi yanamsumbua, yapi yanachukua muda mrefu kupatikana. Orodha utakayompelekea mwezi ujao itakuwa na nyuzi anazoweza kuzitengeneza.