Bwawa Jipya Likija Kijijini, Ombeni na Mahali pa Kupumzikia

Sisi wa Nachingwea, Ruangwa, Masasi na Newala hatuna fukwe kama Shangani wala Msimbati za Mtwara za kwenda Jumapili. Bahari iko mbali na nauli ni pesa. Kwa hiyo bwawa likijengwa kijijini, ndilo linalogeuka ufukwe wetu, awe amelipanga mtu au hapana. Nimekaa vikao vingi vya miradi ya maji, kwanza kama mwanakijiji wa kawaida, baadaye kama mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Ninachotaka kuwaambia mnaosubiri bwawa ni hiki: eneo la mapumziko liombeni mapema, wakati bwawa bado ni mchoro.

Kwenye mikutano yetu watu husimama kuulizia vilula, mbauti za kunyweshea mifugo na fidia ya mikorosho itakayofunikwa na maji. Ni haki yao. Mapumziko hayatajwi, yanaonekana anasa ya watu wa mjini. Kazi inaisha, senyenge inazungushwa, kibao cha kukataza kinasimikwa. Masika ya kwanza hayajaisha, senyenge imeshafunuliwa kona moja, tundu la kupita mtoto wa darasa la nne.

Kwenye bwawa moja la wilayani kwetu nilikuta vijana wanateleza kwenye utoro wa maji, yaani njia ya saruji inayotoa maji bwawa likijaa. Saruji ilikuwa imeota utelezi wa kijani, na chini yake mawe makubwa yaliyopangwa kupunguza nguvu ya maji. Walikuwa wamechagua mahali pa hatari kuliko pote kwa sababu hapaonekani kutoka barabarani. Upande wa pili, kwenye maji tulivu, hapakuwa na njia, kivuli wala mtu mzima. Tangu siku ile naamini bwawa lisilo na mahali halali pa watu linawasukuma watoto wetu kwenye hatari.

Mtakapolisema hili, mtajibiwa kwamba sheria inakataza. Isomeni wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inaweka mita 60 kutoka ukingo wa bwawa na inazuia shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Mimi naisoma kwamba inalenga mambo kama nyumba, mashamba na viwanda. Njia ya miguu na miti ya kivuli si nyumba. Vibanda, vyoo na uwanja viwekeni nje ya hizo mita 60, ugomvi uishe.

Jibu la pili ni kwamba maji ya kunywa hayachanganywi na burudani. Uingereza kuna bwawa la Rutland Water, linalotoa maji ya kunywa, na watu wanavua samaki, wanaendesha mashua na baiskeli pale pale. Marekani, tangu 1965, ipo sheria inayotaka miradi ya maji ya serikali kuu izingatie burudani tangu hatua ya kupanga. Sisi hatuhitaji mashua. Tunahitaji kanuni ile ile ya kufikiria watu kabla tingatinga halijafika.

Kuogelea mimi siombi, na nawashauri msiombe. Kichocho kinapita kwenye ngozi, na konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotuama yenye magugu. Mgonjwa mmoja wa kichocho anayekojolea majini anatosha kuanzisha balaa. Ndiyo maana choo kiwe cha kwanza kwenye orodha yenu, kabla hata ya benchi. Ombeni uvuvi wa ndoana kutoka ukingoni, njia ya kutembea mbali na tuta linalozuia maji na mbali na utoro, na senyenge imara kuzunguka sehemu ya kuchukulia maji.

Kuna kitu kimoja karibu kila kijiji kinakipoteza. Mkandarasi huchimba udongo wa kujengea tuta mahali fulani, kisha anaondoka na kuacha shimo. Shimo hilo linajaa maji ya mvua, linazaa mbu, na mtoto anaweza kuzama humo. Iandikwe kwenye mkataba kwamba kabla mitambo haijaondoka eneo lile litasawazishwa liwe uwanja wa mpira. Tingatinga lipo, dereva yupo, mafuta yapo. Mwaka mmoja baadaye, kulileta tena kwa kazi hiyo peke yake hakuna halmashauri itakayokubali.

Waulizeni akina mama peke yao, si mkutanoni ambako wanakaa nyuma. Kwetu waliomba karo la kufulia lenye kivuli, maji yakiletwa kwa bomba, ili wasifulie bwawani. Hapo karoni ndipo wanapopumzika na kuzungumza. Mhandisi mwanamume hawezi kulifikiria hilo, na hata mimi sikuwa nimelifikiria.

Muda ni muhimu kuliko ufasaha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango ya vijiji hupelekwa juu miezi mingi kabla. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, basi lipitisheni ombi pale, liingie kwenye muhtasari, na nakala ya muhtasari ibaki kwenu. Wataalamu wa tathmini ya mazingira wakija kuchukua maoni, wapeni nakala. Diwani apewe yake, na nyingine iende ofisi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, Mtwara mjini. Neno lililosemwa chini ya mwembe halimfungi mkandarasi.

Kama bwawa lenu limeshajengwa, bado mnaweza kuanza. Kaeni na jumuiya ya watumia maji, mkubaliane geti moja halali, saa za kuingia na mlinzi anayelipwa. Choo kijengwe kabla geti halijafunguliwa, na miti ipandwe mara mvua za Desemba zikianza.