Kitabu cha picha cha milango ya fahamu: kabla hujanunua angalia wameandikaje "kusikia"

Dada uliyeuliza ununue kitabu gani cha picha kumfundisha mwanao wa miaka 3 milango mitano ya fahamu, mi nafundisha chekechea hapa Tanga na vitabu hivo nimepitia vingi, ngoja nikwambie kilichonikuta.

Vingi vimetafsiriwa toka Kiingereza, kila kiungo kimepewa kazi moja, jicho linaona, sikio linasikia, pua inanusa, basi. Sasa siku moja nimefungua ukurasa wa sikio nikauliza "tunasikia kwa kutumia nini?", katoto kamoja kakashika pua. Nikasema hapana. Kakaniambia "mbona nasikia harufu ya maandazi?" na kweli jikoni walikuwa wanakaanga. Aisee niliumia, maana mtoto yuko sahihi kabisa, Kiswahili ndo kinasema hivo, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, hata utamu tunausikia, kayabeba hayo toka kwa bibi yake alafu mimi na kitabu changu tunamwambia amekosa!

Toka siku hiyo nikishika kitabu dukani nafungua kwanza ukurasa wa sikio na wa pua. Kikisema "tunasikia sauti kwa masikio, tunasikia harufu kwa pua" nachukua. Kisiposema hivo lakini picha ni nzuri nachukua pia, nikifika nabandika kikaratasi juu ya maneno naandika mwenyewe.

Picha nazo uziangalie. Baridi wamechora theluji, sawa ataijua akikua, ila kwa miaka 3 picha inabidi imkumbushe kitu ambacho mwili wake umeshakutana nacho, kwa huku barafu ya kwenye friji inatosha.

Kwa kweli kilichopendwa kuliko vyote darasani kwangu ni cha kutengeneza wenyewe. Nilikata maboksi, nikatoboa pembeni nikafunga na kamba ya viatu. Ukurasa wa kugusa nikabandika msasa, pamba, kipande cha gunia na kipande cha mkeka wa ukindu, wanafumba macho wanapapasa wanataja kinakwaruza, kinateleza, laini. Wa pua nikashonea vifuko vya kitambaa, kimoja karafuu kingine mdalasini, na hapo dada shona kwelikweli maana punje ya karafuu ikichomoka inaenda mdomoni au puani. Harufu ikififia fumua ubadilishe. Vile vitabu vya dukani vya kukwangua unuse, harufu yake ikiisha ndo imeisha.

Ukurasa wa ulimi usibandike kitu, atalamba boksi. Weka picha tu, limao, ndizi, chumvi, vyenyewe viwe kwenye sahani mezani. Aonje kwanza ndo atafute picha, usianze na picha, akionja limao akakunja uso muulize "unasikiaje?", akijibu "nasikia uchachu" mwache hivohivo usimrekebishe.