Sebule ya boho kwenye nyumba ya kupanga, nilivyofanya ya kwangu

Dada habari za leo. Nimekusoma: nyumba ya kupanga, sebule futi 12 kwa 14, chini marumaru nyeupe, sofa seti ya kahawia ambayo bado nzima, mwenye nyumba hataki misumari ukutani na una laki nne ya kuanzia, unataka iwe boho, ule mtindo wa kupamba wa kukaa kwa raha. Wengi waliokujibu wanakuambia uagize seti kamili ya boho mtandaoni. Mi naomba usifanye hivo, na ntakuambia kwa nini, maana miaka mitatu iliyopita nilifanya hivo hivo hapa Tabata.

Nilinunua kwa mkupuo kwa muuzaji mmoja: zulia lenye nyuzi za kuning'inia pembeni, makrame mbili za ukutani (yale mapambo ya kamba za kufungwa mafundo), mito sita ya rangi ya udongo na majani makavu ya plastiki ya kuweka kwenye chupa. Vikaja siku moja, jioni nikapanga, picha ikatoka safi kabisa, lakini nikikaa pale najiona kama nipo mapokezi ya loji. Hakuna kitu hata kimoja nilichokuwa najua kimetoka wapi. Zulia lenyewe halikumaliza miezi minne, likaanza kumwaga manyoya mtoto anakohoa kila siku, nikalitoa.

Ndo nikakaa nikajiuliza hii boho ni nini hasa. Neno lenyewe limetokana na Bohemia, eneo lililopo Ucheki. Wafaransa waliwaita hivo Waroma, wale watu wa kuhamahama wa Ulaya (sio watu wa mji wa Roma), wakidhani wametokea huko, halafu karne ya 19 jina likahamia kwa wachoraji na waandishi wa Paris waliokuwa wanaishi vyumba vya bei ya chini, vitu vyao ni vya kuokota, vya kupewa, vya kurudi navyo safarini. Kwa hiyo hawa watu walikuwa wanakusanya, hakuna aliyenunua seti. Na ukiangalia vitu ambavyo boho inavipenda, majani yaliyosukwa, pamba, kazi ya kufuma kwa mkono, udongo, mbao isiyong'aa, kukaa chini chini, dada hivyo si ndo vitu vya nyumbani kwa bibi? Tena vingine tunavichoma kama kuni.

Kitanda cha bibi yangu kilikuwa kinaelekea huko huko jikoni. Pangani, kwenye banda la nyuma, teremka tukaze ya zamani, kile kitanda cha kuwambwa kwa kamba, kamba zimeshakatika zote, popo wamechafua, mama anataka kipasuliwe. Nikasema hapana. Kilikuwa kimebaki matendegu (miguu) manne yaliyokerezwa, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo vya kichwani na miguuni, mbao nzito ile ya kweli. Nikatafuta fundi wa kuwamba, wapo wachache sasa hivi, nikampata mzee mmoja mtaa wa pili, akaja na kamba za makumbi mzigo mzima. Akaniweka nimkalie kitakizo kisicheze, yeye akaweka mguu kwenye mfumbati, anavuta kamba mpaka inalia, anaigonga na kijiti isogee ikae karibu na mwenzake, halafu ndo anarudi upande wa pili, amefanya hivo toka asubuhi mpaka alasiri na katikati alisimama kula tu. Alipomaliza akapiga kwa kiganja, kikatoa mlio kama ngoma. Akaniambia kamba mpya zitalegea, kwa hiyo nisishangae nikirudi kukaza, jina lenyewe linasema, teremka tukaze. Ni kweli baada ya kama mwezi zililegea na nimezikaza mwenyewe kwa jinsi alivyonifundisha.

Kile kitanda ndo sebule yangu yote. Kipo chini ya dirisha, juu godoro jembamba la inchi tatu limefunikwa kikoi, mito imeegemea ukutani, wageni wakiingia wanaacha sofa wanaenda kukaa pale, watu wazima na watoto, na mtu akishakaa pale anavua viatu mwenyewe anapandisha miguu. Hiyo raha unayoitafuta mimi naona inaanzia hapo, kwenye mtu anakaa vipi. Mambo ya ukutani yatakuja baadae.

Huna kitanda cha bibi sawa, sio lazima. Lakini anza kwa kutoa sofa moja. Chumba cha futi 12 kwa 14 na sofa seti nzima hakuna sehemu ya kupumua, toa ile ya mtu mmoja, uza au mpelekee mtu, na pale iliposimama weka godoro jembamba chini juu ya jamvi, mito mikubwa mitatu. Zilizobaki usizibadilishe, zifunike. Kanunue kitambaa cha marekani Kariakoo, ile mbichi yenye rangi ya maziwa ambayo haijapaushwa, ukitandika juu ya sofa ya kahawia chumba kinapata mwanga papo hapo. Kile kitambaa kinaitwa hivo kwa sababu karne ya 19 kilikuwa kinaletwa Zanzibar na meli kutoka Marekani, yaani ni kitambaa cha kwetu cha siku nyingi tu. Kifue kwanza kabla hujashona maana kinasinyaa.

Sasa chini. Marumaru nyeupe ndo adui mkubwa hapo, zinarudisha mwanga na sebule inakuwa kama zahanati, kwa hiyo zifunike kadri unavyoweza na mikeka, sio zulia la dukani. Weka jamvi kubwa la miyaa, ni gumu linabeba miguu ya watu, halafu juu yake kwa kupishana mkeka mdogo wa ukindu wenye rangi. Unapochagua mkeka usiangalie rangi kwanza, ugeuze nyuma. Mkeka unasukwa vipande virefu, shupatu, halafu zinaungwa kwa kushonwa, angalia ile mishono, kama inaachia ukivuta kidogo huo utafumuka kabla ya Masika. Shupatu zikiwa nyembamba na zimekaza mkeka ni laini na mtu kaufanyia kazi siku nyingi, hapo usibane sana bei, hiyo kazi ni mikono ya mtu.

Na hapa nikuonye kwa kitu kilichoniuma. Mkeka wangu wa kwanza mzuri, ukindu, zambarau na kijani, alinipa shangazi nilipohama. Nikautandika Masika ile, dada wa kazi anapiga deki asubuhi, maji yanaingia chini, juu unauona mkavu. Siku nimeuinua kuupeleka juani nakuta upande wa chini wote umeota koga, madoa meusi na harufu ya kisima, na shupatu za katikati zikakatika mkononi. Nililia kwa kweli. Sasa hivi sheria ni moja: siku ya deki mikeka inakunjwa kwanza, marumaru zinakauka kabisa ndo inatandikwa, na kila wiki inaanikwa juani ikiwa imegeuzwa nusu saa tu, usiiache siku nzima rangi inapauka na majani yanakuwa makavu yanavunjika.

Mito usinunue. Nunua doti moja ya khanga na nusu nyingine utoe kwenye ile marekani. Mimi nilichukua kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ile ya maharusi, kwa sababu rangi zake hazigombani na kitu chochote cha ukindu. Mbele khanga nyuma marekani, khanga moja inatoa mito minne bila kubana, na mwambie fundi asitupe pindo, likatwe lishonwe kama mpaka wa kitambaa cha meza. Ndani weka sufi kama unaipata, za Tanga ni nzuri, lakini ichambue mbegu mwenyewe uianike maana isipochambuliwa unalalia mbegu ngumu. Sufi haifuliwi ikilowa inashikana mabonge, kwa hiyo foronya ziwe za kuvuliwa. Na rangi za chumba kizima zichukue kwenye hiyo khanga yako moja, hapo hutapotea, kila ukiona kitu sokoni unakilinganisha nayo, kikikataa unakiacha hata kama ni kizuri.

Ukitaka kutundika khanga nzima ukutani inapendeza sana, ila soma jina kabla hujalipia, na ulisome mara mbili. Litasomwa na kila atakayekaa kwenye hiyo sofa, wifi na mama mkwe wakiwemo, na la mafumbo watajua limewekwa kwa ajili yao.

Kuhusu misumari. Vile vibandiko vya gundi usivijaribu kama ukuta umepakwa rangi ya maji, vinashuka na rangi yake halafu deni linakuwa lako siku ya kuhama. Kwenye rangi ya mafuta vinashika. Mimi ukuta wangu hauna kitu zaidi ya kimoja, vingine vyote nimevining'iniza kwenye fimbo ya pazia na grili za dirisha: nyungo mbili na kawa moja (kile kifuniko cha chakula cha kusukwa) kwa kamba ya katani, kwa urefu tofauti. Na kwenye dirisha dogo lile la upande wa jirani nimeweka vitambaa vya kufuma vya mama yangu. Unavijua, vile vyeupe vilivyokuwa vinakaa mgongoni mwa kila sofa na juu ya redio tulivyokuwa wadogo. Alikuwa navyo sandukuni kumi na moja havitumiki, nikaviunganisha kwa uzi nikapata pazia, jua la saa kumi likipita pale maua yote yanalala kwenye mkeka. Mama alipokuja kuniona alisimama mlangoni muda mrefu akiangalia lile dirisha tu. Waulize wa kwenu, karibu kila mama wa umri ule anavyo.

Taa usiisahau, hata ukipanga vizuri vipi ukiwasha ile balbu nyeupe ya katikati ya dari kila kitu kinakufa. Iache kwa ajili ya kufanyia usafi. Jioni tumia taa mbili za chini zenye balbu ya njano. Yangu moja ni dema, ule mtego wa samaki wa fito, nilinunua dogo lililochakaa kwa wavuvi Kunduchi, nikaliosha na kulianika wiki mbili mpaka harufu ya samaki ikaisha, fundi umeme akapitisha waya na balbu ndani. Usiku yale matundu yake yanachora dari nzima. Weka balbu ya LED ya wati 5 au 7, ile ya zamani inapata moto sana na hivi ni vitu vikavu, usicheze na moto kwenye nyumba ya mtu, na balbu isigusane na fito.

Maua madogo tu, mani planti kwenye chupa ya maji juu ya kabati inatosha kuanza, inavumilia kivuli. Chungu kimoja cha udongo, kapu moja la Iringa la milulu (yale majani wanayosukia makapu) pale mlangoni la kuwekea midoli ya watoto na khanga za kujifunikia, hiyo milulu inavozeeka rangi inazidi kuiva, kapu langu ni zuri leo kuliko nilivyolinunua.

Hiyo laki nne yako usiimalize mwezi huu. Kwa mimi ningenunua jamvi, marekani, doti ya khanga na hizo taa mbili, basi, nyingine nafunga. Vilivyobaki vije polepole, ukienda msibani Tanga unarudi na kawa, ukienda Iringa unarudi na kapu, shoga akihama anakuachia kigoda. Usione haya sebule kuwa na sehemu tupu miezi sita, acha ibaki tupu.

Nitumie picha ya upande wenye dirisha na uniambie jua linaingia asubuhi au jioni, ntakuambia lile godoro la chini likae wapi.