Mashabiki wa Challenger Walikuwa na Haki ya Kulalamika

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza hivi: kiwanda kinapofufua umbo la gari la zamani, je, malalamiko ya mashabiki wa gari lile la kwanza yana uzito wowote, au ni watu wanaoulilia ujana wao tu? Jibu langu ni kwamba yana uzito mkubwa, na kwamba mara nyingi shabiki anayelalamika ndiye aliyelitazama gari kwa makini kuliko sisi wengine. Nitatumia Dodge Challenger kulieleza hilo, kwa sababu ndilo ninalolifuatilia kwa karibu tangu nihamie Michigan, na kwa sababu, kati ya magari ya misuli ya Kimarekani (yale ya milango miwili yenye injini kubwa) yaliyofufuliwa, hakuna lililomkaribia mzazi wake kwa sura kama hili.

Challenger la kwanza lilitoka kama modeli ya mwaka 1970. Bodi yake ilichorwa na Carl Cameron: boneti ndefu, mkia mfupi, taa nne za duara zilizozama ndani ya grili nyeusi, na mkunjo mmoja wa bati unaokwenda ubavuni kisha kupanda juu ya gurudumu la nyuma. Mnunuzi aliweza kuchagua injini kuanzia ya silinda sita ya kawaida hadi Hemi, V8 kubwa yenye vyumba vya mwako vya umbo la nusu tufe, ya ujazo wa lita 7. Maisha yake hayakuwa marefu. Bima za magari yenye nguvu zilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikazidisha masharti ya moshi, Hemi ikaondolewa baada ya modeli ya 1971, kisha ukaja mgogoro wa mafuta wa 1973, na mwaka 1974 uzalishaji ukakoma. Miaka michache baadaye jina la Challenger lilirudi, safari hii likiwa limebandikwa kwenye gari dogo lililotengenezwa Japani na Mitsubishi. Lilikuwa gari zuri kwa kazi yake, lakini wapenzi wa Challenger hawakulihesabu wakati ule na hawalihesabu mpaka leo. Walichokuwa wakikingoja ni umbo.

Umbo lilirudi Januari 2006, katika maonyesho ya magari ya Detroit, ambako Dodge walizindua gari la mfano, yaani la kuonyeshwa tu kabla ya lile la kuuzwa, la rangi ya chungwa lililochorwa na Michael Castiglione. Chevrolet nao walionyesha Camaro yao katika maonyesho hayohayo, ilhali Ford walikwisha kuwatangulia wote kwa Mustang la 2005. Challenger lilipokewa kwa shangwe, lakini pia kwa lawama moja ambayo bado inarudiwa: kwamba mchoraji hakubuni chochote, alinakili tu gari la 1970. Lawama hiyo haikutoka hasa kwa mashabiki, ilitoka kwa watu wanaoamini kwamba kila gari jipya lazima liwe na sura mpya, na wenye vipimo mkononi wanajua kwamba haina msingi. Gari la 1970 lilikuwa na kimo cha takriban meta 1.3, na lile lililoingia sokoni mwaka 2008 lina takriban meta 1.45, huku upana wao ukikaribiana sana. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma nao uliongezeka kutoka meta 2.79 hadi 2.95, kwa kuwa Challenger jipya lilijengwa kwa kutumia chasisi iliyofupishwa ya magari makubwa ya familia, Charger na Chrysler 300. Mtu ambaye angefuatisha mistari ya Cameron juu ya vipimo hivyo angepata sanduku refu lililosimama wima. Castiglione na wenzake walilazimika kuinua mstari wa bega, kupunguza kioo, kuingiza rimu za inchi 20 na kuupanga upya kila mkunjo ili jicho lione gari lililojiinamia pale ambapo kwa kweli pana gari la juu. Kazi ya namna hiyo haiitwi kunakili.

Lalamiko la mashabiki lilikuwa jingine, nalo lilihusu nguzo ya katikati, ile inayoshika paa kati ya mlango na kioo cha nyuma cha ubavuni. Kila Agosti, katika msafara wa magari wa Woodward Avenue hapa karibu na Detroit, magari haya mawili huegeshwa ubavu kwa ubavu, na tofauti huonekana bila kuelezwa. Mwenye gari la 1970 anapozungusha mikono ya vioo, kioo cha mlango na kile kidogo cha nyuma vyote huzama ndani ya bodi, na kinachobaki ni uwazi mmoja kutoka kwenye nguzo ya kioo cha mbele hadi kwenye bega la nyuma, na paa juu yake kana kwamba halikushikwa na kitu. Katika gari jipya kioo cha nyuma hakishuki kabisa, na mbele yake pana nguzo nene iliyotiwa weusi ili isionekane. Inaonekana. Gari la mfano la 2006 halikuwa nayo, kwa hiyo mashabiki walikwisha kuonyeshwa kile walichokitaka kabla ya kunyimwa.

Najua utetezi wa kiwanda, na si wa kupuuzwa: nguzo hiyo husaidia gari kustahimili kugongwa ubavuni na huzuia paa kubonyea gari linapopinduka, na kuiondoa kunadai chuma zaidi na fedha zaidi mahali pengine. Hata hivyo, wakati gari la mfano linazinduliwa, Chrysler, kampuni yenye Dodge, ilikuwa bado kampuni moja na Mercedes-Benz, na Mercedes walikuwa wakiuza CLK ya milango miwili isiyo na nguzo ya katikati. Ujuzi ulikuwamo nyumbani. Kilichokosekana ni utayari wa kuulipia katika gari la bei ya Dodge, na shabiki aliyeliona hilo na kulisema hakuwa akililia ujana wake.

Kuhusu gia, kiwanda kilisikia. Challenger la 2008 lilitoka kwa toleo moja tu, SRT8, lenye Hemi ya lita 6.1 na nguvu za farasi 425, tena kwa gia za otomatiki pekee. Gari la mfano lilikuwa na gia za mkono, na watu hawakuacha kuuliza zimekwenda wapi. Mwaka uliofuata zikaja, gia sita za mkono, na matoleo mengine yakaongezwa.

Lalamiko la uzito, kwamba SRT8 lilikaribia tani 1.9, lina ukweli lakini naliona dogo. Ukubwa huohuo ndio uliolipa kiti cha nyuma anachoweza kukaa mtu mzima na buti linalobeba mizigo ya safari. Ndiyo maana Challenger lilionekana barabarani siku za kazi, hata katika baridi ya huku kwetu, badala ya kufunikwa turubai gereji.

Uthibitisho mwingine wa jicho la mashabiki ni mabadiliko ya modeli ya 2015. Dodge wangeweza kuchora uso wa kisasa, lakini walirudi kwenye gari la 1971: grili ikagawanywa sehemu mbili, na taa za nyuma, ambazo awali zilikuwa mkanda mmoja kama za 1970, nazo zikatenganishwa. Mtu asiyelijua gari hakutambua lolote, ila anayelijua alielewa mara moja. Mwaka huohuo likaja toleo la Hellcat lenye nguvu za farasi 707, na gari ambalo wengi walidhani litachosha baada ya misimu michache likaendelea kutoka katika kiwanda cha Brampton, Kanada, hadi Desemba 2023. Gari la kwanza lilidumu kwa modeli tano tu.

Nafasi yake imechukuliwa na Charger jipya, ambalo sura yake inatokana na Charger la 1968, na ambalo lilitangulia kutolewa kama gari la umeme likiwa na mtambo wa kutoa mngurumo wa kutengenezwa. Sura imesifiwa, na kwa haki kabisa. Sauti imekataliwa na wengi wa watu walewale waliolalamikia nguzo mwaka 2008, na kwa sababu ileile: wanatambua kitu kinachojifanya kuwa kingine. Baadaye Dodge walileta katika bodi hiyohiyo injini ya petroli ya silinda sita yenye turbo mbili, ambayo kwa toleo lake kali ina nguvu za farasi 550, yaani 125 zaidi ya lile SRT8 la 2008. Bado mashabiki wanadai V8. Kwa upande wa nguvu sioni hoja yao, lakini kwa upande wa mlio nawaunga mkono kabisa, na Dodge, ambao walikubali kurudisha gia za mkono na uso wa 1971, wanazo sababu za kutosha za kuwasikiliza tena.

Msomaji wenu, Michigan