Uzee wa kadi haupandishi bei

Nilikuwa na miezi minne tu nyuma ya kaunta ya duka la kadi huku Marekani pale mzee mmoja alipoingia na maboksi mawili ya viatu, yamejaa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya na kuuziana. Kadi zenyewe zilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, nami nikajua leo tumeokota dhahabu. Bosi wangu alizipitia harakaharaka akiangalia miaka tu: 1988, 1990, 1991. Akamwambia mzee kwa upole azirudishe nyumbani, wajukuu wachezee.

Ninyi mnaoanza biashara hii ya kadi, mtakutana na maboksi kama yale mpaka mchoke. Miaka hiyo watu walikuwa wameshasikia kwamba kadi za zamani zinauzwa ghali, basi kila mtu akanunua akaficha, na viwanda vikachapa bila kujizuia. Kitu kilichotunzwa na kila mtu kitaadimika vipi? Zimedoda hadi leo, madari ya nyumba za huku yamejaa.

Sasa tazama kadi ya mchezaji Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Kundi la mwisho la kadi za mwaka ule, ambamo Mantle alikuwamo, lilitoka msimu wa besiboli ukielekea ukingoni, halikununuliwa. Sy Berger, mmoja wa waliozibuni, alisimulia kwamba makasha yaliyobaki yalikuja kupakiwa kwenye tishari na kumwagwa baharini. Zilizofika mikononi mwa watoto zilichezewa, zikakunjwa, nyingine zikabanwa kwenye spoku za baiskeli. Agosti 2022 moja iliyonusurika ikiwa safi ajabu iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Kilichoipandisha ni mamia ya nyingine zilizoharibika.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku zote ni hili: ziko ngapi zenye hali kama hii? Katika maboksi ya yule mzee bosi alichomoa kadi moja tu, ya mchezaji Ken Griffey Jr., iliyochapwa na kampuni ya Upper Deck mwaka 1989. Hiyo nayo si adimu, zimepimwa ubora kwa makumi ya maelfu, ila waliokuwa watoto wakati ule bado wanaitaka. Akaiinamisha chini ya taa hadi mwanga ukateleza usoni mwa kadi. Uso safi, picha iko katikati. Kisha akanionyesha ukingo wa kulia: kijibonyeo chembamba kama alama ya ukucha. Mzee alizifunga kwa mpira mwembamba wa kufungia, na mpira ule ulikuwa umeula ukingo taratibu kwa miaka yote hiyo. Kampuni za kupima ubora wa kadi kama PSA hutoa daraja la 1 hadi 10, na kati ya 9 na 10 bei inaweza kuruka mara kadhaa. Jifunze kuangalia pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Weupe kwenye pembe, hata mdogo kama chembe ya chumvi, unatosha kukunyima 10.

Swali la pili ni gumu zaidi: nani anaitaka, na kwa nini sasa hivi? Hapa ndipo mimi nilipoumia. Mwaka 2020 watu walikuwa wamefungiwa ndani, wana hela na hawana mechi za kutazama, na runinga ikawarudishia Michael Jordan kwa mfululizo wa vipindi juu ya maisha yake. Kadi yake ya kampuni ya Fleer ya 1986 yenye daraja la 10 ikapaa. Mwishoni mwa Januari 2021 mbili ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja. Mwaka uliofuata kadi ya namna ileile, daraja lilelile, ilipatikana chini ya dola 250,000. Jordan alikuwa ameshastaafu zamani, hakukosa mtupo hata mmoja. Waliobadilika ni wanunuzi.

Mimi nilifuata mkumbo huo kwa kununua kadi za kijana mmoja wa mpira wa kikapu aliyekuwa gumzo. Nikazipeleka kupimwa. Foleni ilikuwa ndefu mno. Machi 2021 PSA yenyewe ilisitisha kupokea kadi kwa huduma zake nyingi. Zangu zilirudi miezi kadhaa baadaye zikiwa na 9, gumzo limehamia kwa mwingine, na ada ya kupima ikazidi bei ya kadi. (Mke wangu hadi leo akiona bahasha ya posta ananitazama.)

Muangalie pia mchapishaji. Wachezaji wa Magic, mchezo wa kadi, walikasirika mwaka 1995 kadi zao za zamani zilipochapwa tena, na 1996 wachapishaji wake, Wizards of the Coast, wakatoa orodha ya kadi ambazo hazitachapwa upya. Black Lotus, moja ya kadi hizo za zamani, imo humo. Wachapishaji wa kadi za Pokémon hawana orodha ya namna hiyo: pakiti zikilanguliwa madukani leo, kesho wanaweza kuchapa nyingine, na mlanguzi akabaki na mzigo.

Na bei msiisome kwenye tangazo la muuzaji. Yeye ataandika anachotamani. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chujeni mbaki na zilizokwisha kuuzwa, msome kumi za mwisho za daraja hilohilo, mtazame na tarehe zake. Mkikuta mbili tu kwa mwaka mzima, mjue siku ya kuuza nanyi mtasubiri.