Ukiingia kwenye kazi za umeme, usikubali kuondolewa saiti

Wadogo zangu mnaomaliza VETA, DIT na vyuo vikuu mwaka huu, wengi mnaniuliza swali moja kwa maneno tofauti: huko kwenye nishati kuna nafasi kwa mtu kama mimi? Anayeuliza anaweza kuwa binti anayeambiwa nyumbani kwamba kupanda nguzo si kazi ya mwanamke, kijana wa Tandahimba asiye na mjomba ofisini, mwenye ulemavu wa mguu, au aliyesoma uhasibu akidhani umeme ni wa mainjinia peke yao. Nafasi ipo. Ila nimekaa kwenye miradi ya kusambaza umeme muda wa kutosha kujua kwamba kupata kazi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mahali unapowekwa ukishaipata, na hapo ndipo wengi wanapotea bila kujua.

Tuanze na nafasi zenyewe. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa mapema mwaka 2024. Watu wakilitaja bwawa hilo hufikiria zege na maji. Lakini umeme ukishazalishwa pale unasafiri kwa laini ya kilovolti 400 mpaka Chalinze, na laini hiyo imehitaji wapima ardhi, wathamini wa fidia, watu wa mazingira, mafundi wa minara, wataalamu wa vituo vya kupoza umeme na waongoza mfumo wanaokesha kwenye skrini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mafuta yake yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba linapashwa moto njia nzima. Hapo kuna kazi za kuchomelea, umeme, udereva wa mitambo, usalama kazini, na kazi ya afisa mahusiano ya jamii, ambayo waliosoma maendeleo ya jamii mara nyingi hawajui hata kwamba ipo. Na huko vijijini, baada ya miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini, kufikisha nguzo kwenye vijiji, kazi imehamia vitongojini, na vitongoji ni vingi kuliko vijiji mara kadhaa.

Mkumbuke pia mwaka 2024, mita za LUKU zilipolazimika kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zingekataa tokeni mpya. Mteja alipokea mafungu ya tarakimu 20 na kuyaingiza kwa kufuata mpangilio. Kuna bibi aliyeingiza la tatu kabla ya la kwanza, akakaa gizani akiamini ameibiwa. Aliyemsaidia hakuwa fundi wa nguzo. Alikuwa dada wa huduma kwa wateja aliyeweza kumsomea tarakimu polepole, nne nne, kwa lugha ya heshima, na nyuma yake kulikuwa na mtu wa programu za kompyuta aliyehakikisha mfumo haulemewi. Hizo nazo ni ajira za nishati.

Sasa lile ninalotaka mlishike. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu (ya jua, upepo, maji na kadhalika), IRENA, lilitoa ripoti mwaka 2019 kuhusu wanawake katika sekta hiyo. Lilikuta wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu, dhidi ya asilimia 22 kwenye mafuta na gesi. Tarakimu hizo ndizo zinazonukuliwa kila mahali. Mimi naona za ndani yake ni muhimu zaidi: kwenye kazi za utawala wanawake walikuwa asilimia 45, lakini kwenye kazi za sayansi na uhandisi waliishia asilimia 28. Maana yake mlango umefunguka, ila ukishaingia kuna mkono unaokuelekeza kwenye meza.

Mkono huo mara nyingi ni wa upole, na ndiyo maana ni vigumu kuukataa. Wanafika vijana watatu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wawili wa kiume na binti mmoja. Fomeni anawaambia wavulana wapande kwenye lori. Binti anaambiwa, "Wewe mwanangu kaa hapa stoo utusaidie kuandika vifaa, huko jua kali." Anayesema hivyo hana ubaya wowote, anaongea kama baba. Wiki ya pili binti anaandika mahudhurio. Mwezi wa pili anachapa ripoti, kwa sababu mwandiko wake mzuri na kompyuta anaijua. Kila mtu anamsifu. Mwaka unaisha, wale wavulana wamefunga transfoma, wamevuta waya, wamepima ukinzani wa ardhi, na vyote vimo kwenye kitabu chao cha kumbukumbu kikiwa na saini. Kitabu cha binti kina stoo.

Hasara yake inakuja baadaye. Ukitaka kusajiliwa mhandisi mtaalamu, unapita kwenye mpango wa mafunzo kwa vitendo wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ule wa SEAP wa miaka mitatu, na wanaangalia umefanya nini kwa mikono na akili yako. Ukiwa fundi, leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ina madaraja, na kadiri unavyotaka kupanda ndivyo unavyotakiwa kuonyesha uzoefu. Bila leseni huwezi kusaini kazi ya kufunga umeme kwenye nyumba ili mteja aunganishwe. Utafanya kazi, mwingine atagonga muhuri, na mwenye muhuri ndiye anayelipwa vizuri. Haya yanampata pia kijana wa kiume mpole, mgeni wa mji, asiyejua kujipendekeza: anaachwa alinde nguzo zisiibiwe mpaka fildi inaisha.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hujazoeleka mahali, mwendee fomeni kwa adabu umwambie: "Shikamoo mzee. Chuo kimenipa orodha ya kazi ninazotakiwa kuzifanya na kusainiwa. Naomba unisaidie nizipate zote." Mpe karatasi aishike mkononi. Wazee wa saiti wanaheshimu karatasi ya chuo kuliko malalamiko, na ukishamkabidhi jukumu la kukufundisha, wengi wao hulibeba kwa moyo wote. Ukiambiwa ukae stoo, kubali siku hiyo, jifunze stoo kweli, maana anayejua tofauti ya kikombe (kile kinachotenga waya na nguzo) cha kilovolti 33 na cha kilovolti 11 ni hazina. Kesho yake rudi na karatasi yako. Jaza kitabu kila jioni, usisubiri Ijumaa, na andika kazi kwa vipimo: umevuta waya wa aina gani, msongo (volti) gani, umbali gani. "Nilisaidia mafundi" haimwambii mkaguzi kitu.

Kuna watakaokuambia kuweka watu wa aina mbalimbali kazini ni kuwafurahisha wafadhili. Niwasimulie nilichokiona mkoa wa Pwani, tukibadilisha waya wa msongo mdogo kijijini. Transfoma ilikuwa imezimwa, fyuzi zimetolewa, kibali cha kazi kimesainiwa. Binti wa fildi alikuwa ametumwa kupita nyumba kwa nyumba kuwajulisha watu. Akarudi akasema mama mmoja muuza barafu amemwambia hana wasiwasi na kukatika kwa umeme, mume wake akirudi atawasha jenereta. Fomeni akamuuliza, imeunganishwaje? Akaenda kuangalia. Waya wa jenereta ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya ukutani, bila swichi yoyote ya kubadilishia. Jenereta ya namna hiyo ikiwashwa wakati swichi kuu ya nyumba bado imeunganishwa na laini, umeme unatoka ndani kurudi nguzoni, na fundi aliye juu anashika waya anaoamini umekufa. Nyumba ile ikakatwa kwenye nguzo yake, laini ikapimwa upya kama haina umeme, ikafungwa ardhini (ikaunganishwa na ardhi kwa waya) pande zote mbili za mahali pa kazi, ndipo watu wakapanda. Mama yule asingekaa kumsimulia habari za jenereta mwanaume mgeni aliyesimama mlangoni mume akiwa hayupo. Alimsimulia binti aliyekaa naye barazani. Gengi ya watu wa aina moja hupata taarifa za aina moja.

Na hilo la kupima na kufunga ardhini, usilifanye kwa sababu ya jenereta uliyoijua tu. Lifanye kila siku kwa ajili ya ile usiyoijua.

Vifaa vya kujikinga ni haki yako na viwe vya saizi yako. Nawaona mabinti wengi wanavaa glavu za mpira zinazopwaya na buti walizojaza soksi. Glavu inayopwaya inakunyima mshiko, buti inayochezacheza inateleza kwenye vyuma vya kupandia nguzo. Taja saizi yako unaposaini mkataba, mkandarasi akiwa bado anaagiza, si ukiwa umeshafika porini. Uliza na choo. Najua mtaona aibu kuuliza, lakini nimewaona wasichana wakikataa kunywa maji kutwa nzima juani kwa sababu saiti haina choo, na hilo linawaumiza.

Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamzuia mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake. Ukibeba mimba ukiwa kwenye laini, omba kuhamishiwa usanifu, upimaji wa mita au upangaji wa kazi, na omba kwa maandishi kwamba utarudi saiti baadaye. Bila maandishi hayo, meza inakuwa ya kudumu. Anayekuomba mwili ili akupe fildi, saini au ajira anatenda kosa la rushwa ya ngono chini ya sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa hasira.

Kwa wenye ulemavu, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu waliohitimu. Usiitumie kama ombi la kuhurumiwa. Taja kazi unayoiweza: karakana ya mita, chumba cha kuongoza mfumo, ramani za kompyuta, ununuzi, kisha useme unahitaji nini ili uifanye vizuri.

Na wasiosoma uhandisi, msijihesabu wageni. Rebecca Miano, aliyeiongoza KenGen ya Kenya kuanzia 2017 mpaka 2022, kampuni yenye mitambo ya jotoardhi kule Olkaria, ni mwanasheria. Irene Muloni, aliyekuwa waziri wa nishati Uganda kuanzia 2011 mpaka 2019, ni mhandisi wa umeme. Njia zote mbili zinafika. Ila hata mwanasheria wa kampuni ya umeme nawashauri aende saiti mara kwa mara, akae na mwenye shamba ambalo laini imepita juu yake. Mkataba wa fidia unaandikwa vizuri na mtu aliyeiona mikorosho iliyokatwa.

Barua za fildi pelekeni mapema, miezi kadhaa kabla ya muda wenyewe, na msipeleke kwenye shirika kubwa peke yake. Tafuteni wakandarasi wanaotekeleza miradi ya vitongoji mkoani kwenu. Mabango yao yako barabarani na yana jina la mkandarasi na la mradi. Kwao watu ni wachache, kazi ni nyingi, na mgeni hushikishwa koleo na testa ndani ya wiki ya kwanza. Kazi za serikali na mashirika yake fuatilieni kwenye mfumo wa Ajira Portal, na wasifu wenu uwe umejazwa kabla tangazo halijatoka, maana siku za maombi ni chache na vyeti huchukua muda kuthibitishwa. Mkifika kwa mkandarasi, mbebe ile orodha ya chuo nakala mbili, moja ya fomeni na moja ya kwenu.